Wafu wa Angani, Wafu wa Bahari Yetu



Ndugu msomaji, kila mwaka ifikapo mwisho wa Januari, watu wa NASA, shirika la anga la Marekani, hutenga siku ya kuwakumbuka wenzao waliokufa kazini. Kalenda yenyewe imewakusanyia misiba mitatu ndani ya juma moja. Januari 27, 1967 Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walikufa kwa moto ndani ya chombo cha Apollo 1, kikiwa bado kwenye jukwaa la kurushia, katika zoezi tu. Januari 28, 1986 chombo cha Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, kikiwa na watu saba. Februari 1, 2003 Columbia ilivunjika vipande ikirudi duniani, zikiwa zimebaki dakika 16 itue. Nayo ilikuwa na watu saba.

Utauliza: Padre, hayo yanamhusu nini Mkristo anayetoka Misa ya kwanza pale Minara Miwili na kwenda zake Darajani kutafuta kitoweo? Yanamhusu kwa mambo mawili. Kwanza, kisiwa hiki kimo ndani ya historia hiyo. Pili, swali wanalojiuliza Wamarekani juu ya wafu wao wa angani ndilo swali letu juu ya wafu wa bahari yetu: tuwakumbukeje watu ambao hawakupaswa kufa?

Mapigo ya moyo yaliyosikika Tunguu

Wengi wetu hupita Tunguu tukielekea Paje au Makunduchi, na vijana wetu husoma vyuo vikuu hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tunguu palikuwa na kituo cha mitambo cha NASA, kilichojengwa kwa ajili ya mpango wa Mercury, yaani mpango wa kwanza wa Marekani wa kupeleka mtu angani. Siku hizo hapakuwa na setilaiti za kupitishia sauti kama leo. Mwanaanga aliweza kusikika pale tu alipopita juu ya kituo. Kwa hiyo vituo viliwekwa kuizunguka dunia, vingine juu ya meli katikati ya bahari. Kimoja kiliwekwa Kano, Nigeria, na kingine hapa kwetu Unguja.

Februari 20, 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu, akiwa Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Alipofika juu ya anga letu, daktari aliyekuwa zamu Tunguu alizungumza naye kwa redio, akafuatilia mapigo ya moyo wake na msukumo wa damu. Mwaka huohuo wakapita Scott Carpenter na Wally Schirra, na mwaka 1963 akapita Gordon Cooper. Kabla yao wote, Novemba 1961, alipita sokwe aitwaye Enos, aliyetangulizwa kujaribu njia.

Si kila mtu Unguja alikifurahia kituo kile. Wapo waliohofia kwamba ni kituo cha makombora, na ubishi wa siasa za wakati ule ulikigusa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964 Wamarekani wa kituo waliondoka, na mwezi Aprili Serikali ikawataka wakiondoe kabisa. Kazi ikahamia Madagaska.

Katika habari hiyo yote kuna jambo moja ambalo sipendi tulisahau. Mitambo yote ile, na wataalamu wote wale walioletwa kutoka mbali, waliwekwa kwenye mashamba yetu ili moyo wa mtu mmoja usikilizwe unavyodunda. Mtu mmoja tu! Na siku ileile ya Glenn, mitambo ilipotoa ishara kwamba ngao ya kumkinga na joto huenda imelegea, walio chini hawakusema tuombe Mungu itashika. Walijadiliana, wakabadilisha namna ya kumrudisha. Baadaye ilijulikana kwamba ishara ilikuwa ya uongo. Lakini hawakuipuuza, kwa sababu aliyekuwa juu alikuwa mtu.

Kumi na wanane wa Siloamu

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, watu wanamletea Bwana wetu habari ya msiba wa Wagalilaya waliouawa na Pilato. Yeye anaongeza mwingine: mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18. Kisha anauliza kama wale 18 walikuwa wakosefu kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu. Anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Halafu anawageukia walio hai, anawaambia wasipotubu wataangamia vivyo hivyo.

Imesadifu tu, wala sijengi fundisho juu yake, kwamba waliokufa katika safari za kuizunguka dunia angani nao wanahesabiwa 18. Aprili 1967 Mrusi Vladimir Komarov alikufa parashuti ya chombo chake ilipokataa kufunguka sawasawa. Juni 1971 Warusi watatu, Dobrovolsky, Volkov na Patsayev, walikufa wakirudi nyumbani, hewa ilipovuja kupitia vali iliyofunguka kabla ya wakati wake. Ongeza saba wa Challenger na saba wa Columbia. Wale watatu wa Apollo 1 hawamo katika hesabu hiyo, maana hawakuwa wameondoka ardhini.

Tazama jinsi Yesu anavyoupokea msiba. Anakataa kumtwika marehemu lawama. Lakini pia anakataa tuondoke kama tulivyokuja. Toba kwa lugha ya Biblia ni kugeuka, kushika njia nyingine. Msiba usiomgeuza mtu umekuwa habari tu ya kusimulia.

Na tazama lile ambalo Yesu hakulisema. Misibani kwetu, Wakristo kwa Waislamu, husemwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Neno hilo ni la imani na linafariji, maana marehemu yumo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na mikono hiyo haikosei. Lakini mnara wa Siloamu ulijengwa na watu. Mungu hakupanga mawe yake. Tunapomtwika Mungu kazi ya fundi mbaya, au ya tajiri mwenye tamaa, au ya mkaguzi aliyefumba jicho, hatumheshimu Mungu. Tunamsingizia. Kazi ya Mungu haina makosa. Kazi ya binadamu inayo, nayo lazima ichunguzwe.

Wahandisi na akida wa Kirumi

Challenger ilipoanguka, nilikuwa kijana wa seminari ndogo, na habari zilitufikia kwa redio. Kilichotugusa ni kwamba miongoni mwa wale saba alikuwemo mwalimu wa shule, Christa McAuliffe, ambaye alikuwa afundishe watoto masomo akiwa angani. Wanafunzi wengi wa Marekani walikuwa wakitazama televisheni madarasani mwao. Walimwona mwalimu akipanda, na sekunde 73 baadaye wakaona moshi umegawanyika pande mbili.

Uchunguzi ulionyesha jambo zito kuliko moshi ule. Jioni ya kuamkia siku ya kuruka, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni walionya kwamba mipira ya duara inayoziba viungo vya roketi hizo hukakamaa kwenye baridi. Walishauri chombo kisirushwe ikiwa mipira imepoa chini ya nyuzi joto 12 hivi. Asubuhi ile Florida hali ya hewa ilikuwa kama nyuzi 2. Katika kikao hicho mkubwa mmoja wa upande wa uhandisi aliambiwa avue kofia ya uhandisi avae ya uongozi. Akaivaa. Ushauri ukageuzwa, na chombo kikaruka.

Msomaji wa Matendo ya Mitume, sura ya 27, hatashangaa. Mtume Paulo, akiwa mfungwa, anasafirishwa kwa meli kwenda Roma. Majira ya hatari yameshaingia. Pale Bandari Nzuri, Krete, anawaonya kwamba safari hiyo itakuwa na hasara, si ya shehena na meli tu, bali hata ya maisha. Lakini akida anayewalinda anamsikiliza zaidi nahodha na mwenye meli. Wanang'oa nanga. Dhoruba inawakamata siku nyingi, na mwisho meli inavunjika Malta.

Haya ndiyo maradhi yenyewe, ya zamani na ya sasa. Anayeonya mara nyingi ni mdogo: mfungwa, fundi, baharia wa chini, abiria mwenye kikapu. Anayetaka safari iendelee ni mkubwa, mwenye mali na mwenye ratiba. Waswahili wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini Paulo na wale wahandisi wanatufundisha upande wa pili: na mkuu asiyesikia la mdogo, huwavunja wengine miguu.

Miaka 17 ya kusahau

Baada ya Challenger waliomboleza, wakaunda tume, wakabadilisha mipira ile na taratibu nyingi. Majina ya wafu yakachongwa kwenye ukuta wa kumbukumbu huko Florida. Ungesema wamejifunza. Kisha ikapita miaka 17.

Januari 16, 2003, Columbia ilipokuwa ikipaa, kipande cha povu gumu kisichofika kilo moja kilibanduka kwenye tangi kubwa la mafuta, kikagonga ubawa wa kushoto. Waliona kwenye picha za video. Wahandisi wakaomba zipigwe picha zaidi chombo kikiwa angani ili wajue kama ubawa umetoboka. Picha hizo hazikupigwa. Povu lilikuwa limebanduka mara nyingi katika safari zilizopita na halikuua mtu, basi likawa jambo la kawaida. Kwa siku 16 watu saba walifanya kazi huko juu, akiwemo Kalpana Chawla, mzaliwa wa India. Siku ya kurudi, joto kali liliingia kupitia tundu lile, na ubawa ukakatika.

Tume iliyochunguza ilisema wazi kwamba chanzo hakikuwa povu peke yake. Mazoea ya shirika nayo yaliua, na yalikuwa yaleyale yaliyowaua wa Challenger. Mazoea yana taabu. Kosa lisilotuua leo hutufundisha kwamba si kosa, na kesho hulipa riba yote kwa siku moja. Wale watu hawakuwa wamesahau majina ya marehemu wao. Majina waliyajua, na ukuta ulikuwepo. Walichosahau ni onyo. Hapo tunajifunza kwamba mtu anaweza kuhudhuria kumbukumbu kila mwaka, akaweka shada la maua, na bado akawa amemsahau marehemu.

Bahari yetu

Sasa turudi nyumbani, maana sisi tumesahau kwa haraka zaidi.

Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, na mamia ya ndugu zetu wakafa. Taifa zima lililia. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa imejaa watu na mizigo kupita kiasi. Walioishi hapa wakati ule wanaikumbuka Maisara, miili ilipolazwa kwa safu na watu wakapita mmojammoja wakifunua nyuso, wakitafuta mama, mtoto, mume. Miezi kumi tu baadaye, Julai 18, 2012, MV Skagit ikitoka Dar es Salaam ilipinduka kwa upepo na mawimbi karibu na kisiwa cha Chumbe, tukiwa bado hatujamaliza kufuta machozi. Na Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache kabla ya kufika gati la Ukara, Ukerewe. Walikufa watu zaidi ya 220.

Wamarekani walihitaji miaka 17 kurudia kosa. Sisi ilitutosha miezi kumi.

Liko jambo moja linaloniuma kuliko yote katika habari ya Spice Islander. Zaidi ya watu 600 waliokolewa, na miili zaidi ya 200 ilipatikana. Lakini idadi ya waliopotea ilibishaniwa kwa muda mrefu, kwa sababu hapakuwa na orodha ya kuaminika ya waliopanda. Hapo Tunguu, moyo wa mtu mmoja aliyepita kilomita nyingi juu yetu ulihesabiwa pigo kwa pigo. Na kutoka bandari ya Malindi, umbali wa mwendo mfupi wa daladala kutoka Tunguu, watu waliondoka usiku bila ya kuandikwa.

Mtu asiyeandikwa ni rahisi kumjaza zaidi. Ni rahisi pia kumsahau. Katika sura ileile ya Matendo ya Mitume, Luka hasahau kutuandikia kwamba ndani ya meli ya Paulo walikuwemo watu 276, na wote walifika nchi kavu salama. Kwa nini Roho Mtakatifu atuachie hesabu ya abiria wa meli ya shehena? Kwa sababu mbele ya Mungu hakuna abiria asiye na idadi. Yesu anafundisha kwamba hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa.

Ukuta wa darini

Basi kumbukumbu ya kweli ni ipi? Sisi Wakatoliki tungepaswa kuwa walimu wa jambo hili, maana ibada yetu kuu ni ukumbusho. Katika Misa hatumkumbuki Yesu kama mtu anayetazama picha ya zamani. Tunaamini kwamba sadaka yake inakuwepo hapo altareni, inatushika na kututuma. Anayekula Mwili wa Bwana na kutoka kanisani bila kubadilika, Mtume Paulo ana maneno makali kwake.

Mji Mkongwe nao una mahali pa kujifunzia. Pale Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, ndugu zetu Waanglikana walijenga kanisa. Hawakuchagua uwanja safi kwingine. Altare iliwekwa pale pale watu walipokuwa wakichapwa. Na nje yake, tangu mwaka 1998, iko sanamu ya watumwa watano wakiwa shimoni na minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs. Mgeni anayesimama pale haambiwi tu kwamba watu waliteseka. Anaonyeshwa kwamba waliotesa walikuwa watu, sheria zilikuwa za watu, na watu walizifuta.

Torati ina amri moja ndogo ambayo watu wa nyumba za mawe za Mji Mkongwe wangeielewa upesi. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mwenye kujenga nyumba mpya anaamriwa aweke ukuta kuzunguka dari lake, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Hakuna malaika wala muujiza katika amri hiyo. Ni mawe na chokaa, kimo cha kiuno. Mungu aliyegawanya Bahari ya Shamu anajali ukuta wa darini. Wala hangoji mtu aanguke kwanza. Nasi tunao msemo wetu: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Huo ukuta ndio kumbukumbu bora ya wafu. Baada ya moto wa Apollo 1 mlango wa chombo ulitengenezwa upya ili ufunguke kwa haraka kutoka ndani. Baada ya wale Warusi watatu kufa wakiwa na nguo za kawaida, wanaanga wa vyombo vile walianza kuvaa mavazi maalumu ya kuhifadhi hewa wakati wa kupaa na kurudi. Kila anayevaa vazi hilo leo anawakumbuka marehemu watatu, hata kama hajui majina yao. Amefunikwa na kumbukumbu yao.

Je, waende tena?

Binadamu anajiandaa kwenda mbali zaidi. Marekani ina mpango wa Artemis wa kumrudisha mtu Mwezini, na China imetangaza kwamba inataka kufika huko ifikapo mwaka 2030. Makampuni binafsi yanawapandisha angani hata watu wa kawaida wenye fedha. Watu wengi wa Kanisa huniuliza kama Mungu anapendezwa na hayo, wakati watoto wanakosa madawati.

Jibu langu ni kwamba waende. Zaburi ya 8 inamwonyesha mtu akiutazama mwezi na nyota na kushangaa kwamba Mungu aliyeziumba anamkumbuka yeye aliye mdogo. Mshangao huo si dhambi. Julai 1969 Papa Paulo VI alikuwa Castel Gandolfo, akautazama Mwezi kwa darubini ya Kanisa, na akawatumia wanaanga baraka zake. Akili ya kujenga chombo ni kipaji cha Mungu. Suala la madawati ni la haki, nalo halitaisha kwa kuwazuia Wamarekani kuruka. Litaisha kwa kusimamia vizuri kilicho chetu.

Lakini ninaweka masharti, na yanatufaa sisi pia.

Sharti la kwanza ni kwamba anayepanda ajue anachopanda. Mwanaanga husoma miaka mingi, anaijua hatari, na anaikubali kwa hiari. Hiyo ni sadaka. Mama anayesafirisha mzigo wake kwenda Wete hajaambiwa kwamba meli imezidi uzito. Kumpeleka baharini bila kujua si ushujaa wake. Ni unyang'anyi wa mwingine. Vivyo hivyo na aliye chini asiyepanda kabisa. Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kama kilo 500, kipande cha roketi, ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Kwa neema ya Mungu haikumwua mtu. Wakulima wale hawakuwa wametia saini popote.

Sharti la pili ni kwamba anayeonya asikilizwe, na asiadhibiwe. Mwaka 2022 chombo cha Artemis kiliuzunguka Mwezi bila watu, na kiliporudi ilionekana kwamba ngao yake ya joto imeliwa kwa namna ambayo haikutarajiwa. Safari ya watu ikaahirishwa ili jambo lichunguzwe. Walioahirisha walicheleweshwa na kulaumiwa. Mimi nasema hapo walikuwa wakiwaombea marehemu wa Columbia kwa vitendo.

Sharti la tatu ni kwamba ratiba, sifa na fedha zisiketi kwenye kiti cha nahodha. Mashindano ya mataifa ya kufika kwanza ni kishawishi kilekile cha mwenye meli anayetaka kuondoka leo kwa sababu sikukuu ni kesho na abiria wamejaa gatini.

Sisi tufanye nini

Ndugu zangu, hatuna roketi Unguja. Tuna meli, boti, majahazi, daladala na bodaboda. Tuna makanisa yanayojengwa kwa michango ya waamini. Ukuta wa darini unatuhusu.

Unapopanda meli, andikisha jina lako sawasawa, na la mtoto wako, hata kama karani anasema haina haja. Ukiona chombo kimejaa, shuka, na uwaambie wenzako. Tiketi iliyopotea si kitu. Usimcheke anayeuliza maboya yako wapi. Wewe uliye nahodha, mkaguzi au ofisa wa bandari na Jumapili unapokea Komunyo, jua kwamba saini yako ni tendo la dhamiri, na Mungu ataiuliza. Wewe mwenye chombo, mheshimu nahodha anayekataa kung'oa nanga. Huyo hakukutia hasara. Amekuokoa na damu.

Na ninyi kamati za ujenzi wa makanisa, mhandisi akisema nguzo haitoshi, msimjibu kwamba Mungu atalinda nyumba yake. Mungu ameshaanza kuilinda. Amewatumia mhandisi.

Jumuiya ndogo ndogo ziweke tarehe za misiba hii katika kalenda zao. Novemba 2 tunawaombea Marehemu wote. Basi Septemba 10 na Julai 18 tuwaombee wa bahari yetu kwa pekee. Wengi wao walikuwa Waislamu, majirani zetu. Tusali kwa namna yetu, nao wasome dua kwa namna yao, kisha tukae pamoja tuulizane swali moja: tangu mwaka jana, ni ufa gani tumeuziba? Jumuiya ikikosa jibu, basi ijue kwamba imesoma majina tu.

Mwenyezi Mungu, uliyemhesabu kila aliyezama na kila aliyepotea angani, uwapokee marehemu hawa katika amani yako. Uwape wakubwa masikio, na wadogo ujasiri wa kusema. Utujalie sisi tulio hai tugeuke kabla mnara haujaanguka.

Amina.